Wanaoafiki Waseme Ndiyo

Ujumbe uliingia saa nne asubuhi, nikiwa nimekaa kwenye kibaraza changu hapa Mkonze, pembezoni mwa mji, nachambua choroko. Simu ililia mara moja, ikanyamaza, halafu ikalia mfululizo kama mtoto aliyeamshwa vibaya. Nikajua ni lile kundi la jimbo la kwenye simu. Mbunge wetu akiandika, watu wanaanza kumpongeza kabla hajairudisha simu mfukoni. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikavaa miwani.

"WANANCHI WANGU," aliandika, yote kwa herufi kubwa, maana mheshimiwa haamini herufi ndogo. "LEO NIMEWASHA MOTO BUNGENI. NIMEIBANA WIZARA MPAKA IMETOKWA JASHO. ZAHANATI YETU HAITAKAA TENA BILA PAA. MTUMISHI WENU." Chini yake palikuwa na picha: amesimama, kipaza sauti mbele yake, kidole juu. Chini ya picha, pongezi. Jembe letu. Chuma. Mungu akutunze, baba. Mdogo wangu, tumbo moja na mimi, ambaye yuko kijijini mpaka leo, alikuwa ametuma mikono ya kupiga makofi, mitatu kwa mpigo.

Nilizirudia choroko zangu kwa hasira mpaka nikawa natupa nzima na kubakiza mawe. Zahanati ile ilikuwa imeshapata paa mara nne kwenye lile kundi. Kijijini haikuwa na hata kenchi moja ya kupigilia bati.

Jimbo lenyewe silitaji. Lina mtu wake, na mtu ana watoto wanaosoma. Itoshe kusema ni huku huku katikati ya nchi, kwenye vumbi jekundu na upepo usiochoka, na kijiji chetu kiko ng'ambo ya korongo. Kiangazi korongo lile ni mchanga mtupu, mbuzi wanapita wanavyotaka. Mvua zikianza, hakuna anayevuka, na zahanati ya karibu iko upande wa pili. Wanawake wawili wa ukoo wetu wamejifungulia pale ukingoni, wakisubiri maji yapungue. Mmoja alirudi nyumbani na mtoto. Mwingine alirudi mikono mitupu, na aliyekuwa amemshika mkono usiku kucha ni huyo mdogo wangu.

Kwa hiyo kijiji kilipokubaliana kujenga zahanati yake, mdogo wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza bwawani na ndoo. Utaratibu unajulikana nchi nzima: wananchi wanainua boma kwa nguvu zao, yaani kuta tupu mpaka juu, halafu serikali inaezeka na kumalizia. Wanaume walifyatua tofali, wakazichoma. Wanawake walibeba maji kichwani, safari baada ya safari, mdogo wangu mbele akiwaimbisha. Saruji ikaishia usawa wa madirisha. Kuanzia hapo kwenda juu, tofali zilishikwa kwa udongo, na udongo na mvua hawajawahi kuelewana. Mvua za mwaka wa kwanza zilichimba kona moja. Za mwaka wa pili zililamba ukuta wa nyuma mpaka ukafanya tumbo. Fundi alisema bila kuficha kwamba zikija mvua za tatu na hakuna paa, boma litalala chini lote. Mdogo wangu magoti yake yameshakwisha. Likilala, hatabeba tena maji ya lingine, na baada yake sijaona mwingine wa kuwaamsha wanawake wale.

Hilo ndilo lililokuwa linanifanya nitupe choroko.

Sasa niseme na la kwangu, maana nikilificha nitakuwa sina tofauti naye. Mheshimiwa nilimfundisha mimi. Darasa la nne mpaka la saba, shule ya msingi ya pale pale kijijini, kabla sijastaafu na kuja kujenga vyumba vyangu vitatu huku mjini. Hesabu zilimkataa, lakini sauti alikuwa nayo. Akija mkaguzi, akija mkuu wa wilaya, akija hata bwana mifugo kuchanja ng'ombe, yeye ndiye niliyemweka mbele kwenye ngonjera. Na nilimpa kanuni, akaishika kuliko jedwali la saba: mgeni mshukuru kwanza, mshukuru sana, ndipo umwombe. Mtu aliyeshukuriwa mbele za watu huona haya kukataa. Kwa kanuni hiyo tulipata madawati. Nilijisifu kwa madawati yale miaka na miaka.

Baada ya paa la tatu la kwenye simu nilikuwa nimenunua kaunta buku, daftari la kava gumu, nikapiga mstari wa kalamu nyekundu katikati ya kila ukurasa. Upande wa kushoto nilinakili ujumbe wake, neno kwa neno, herufi kubwa kwa herufi kubwa. Upande wa kulia nikaandika alichosema hasa. Kwa maana Bunge letu lina jambo moja zuri ambalo watu hawalijui: kila neno linalotamkwa mle ndani linaandikwa, hata makofi yanaandikwa, hata kengele ya muda ikilia inaandikwa, na ile taarifa, hansadi, mtu yeyote anaweza kuisoma. Nilienda steshenari ya jirani, nikamwomba dada wa pale anipakulie kwenye kompyuta na kunichapia.

"Zote hizi, mama?" akaniuliza akiziangalia kurasa.

"Tafuta jina lake tu. Alipoanza na alipokaa."

Akatafuta. Haikuchukua muda, maana mheshimiwa hasimami mara nyingi. Nilikaa kwenye benchi la steshenari nikasoma, na nikwambie kweli, nilitamani nimwite mbele ya darasa.

Siku ile aliyoandika kwamba ameiuliza wizara "swali zito", hansadi inaonyesha alisimama kuuliza swali la nyongeza kuhusu mwenge kupita jimboni kwake. Siku aliyoandika "KESHO NASHIKA SHILINGI YA WAZIRI", kundi zima halikulala. Kushika shilingi ni silaha ya mbunge: anatishia kuikata shilingi moja kwenye mshahara wa waziri mpaka apewe majibu ya kueleweka. Nilifungua ukurasa huo kwa heshima kabisa. Alisimama, akasema alikuwa amekusudia kushika shilingi, lakini kwa jinsi waziri alivyo msikivu, anaiachia. Waziri alikuwa hajasema kitu bado. Mabano: Makofi.

Na huo moto wa asubuhi ile ya choroko? Siku hansadi yake ilipotoka nilikuwa steshenari kabla dada hajafungua mlango. Alipewa dakika zake, akasimama. Akamshukuru Mwenyezi Mungu. Akawashukuru viongozi wa juu, mmoja mmoja, kwa vyeo. Akampongeza waziri, naibu waziri, katibu mkuu, na watendaji wote ambao kwa sababu ya muda hakuweza kuwataja. Akampongeza mbunge mwenzake kwa kupata mtoto wa kiume. Akasema jimbo lake lina changamoto kadha wa kadha. Kengele ikalia. Akasema yaliyobaki atayawasilisha kwa maandishi, na anaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja.

Kengele ilimkuta bado anashukuru. Nilikaa na ile karatasi mapajani, dada wa steshenari akaniuliza kama naumwa.

Kura zake nazo nilizitafuta, nikakuta ni kazi ya kutafuta kivuli saa sita mchana. Mambo mengi mle ndani hupitishwa kwa sauti. Anayeongoza kikao anasema wanaoafiki waseme ndiyo, inasikika ndiyooo moja nene. Anasema wasioafiki waseme siyo, kinasikika kisauti kama cha mtu aliyekanyagwa kidole, au hakisikiki kabisa. Anasema nadhani walioafiki wameshinda, basi. Nani alisema nini, hakuna anayejua. Bajeti kuu tu ndiyo wanaitwa kwa majina. Hiyo niliisikiliza redioni mwanzo mpaka mwisho, na jina lake lilipofikiwa, alisema "Ndiyo" kabla aliyekuwa akiita hajalimaliza.

Nikampigia simu. Akapokea, hilo nampa, hajawahi kuiacha simu ya mwalimu wake ikalia bure.

"Shikamoo mwalimu wangu!"

"Marahaba, mheshimiwa."

"Ah, mwalimu, mimi kwako si mheshimiwa."

"Basi, mwanangu. Nimesoma ule moto uliouwasha. Sasa nina karatasi hapa ya maneno yako yote ya siku ile, natafuta zahanati siioni. Umeiweka ukurasa gani?"

"Mwalimu, wewe unasoma hansadi?"

"Nasoma."

"Hakuna mtu anayesoma hansadi, mwalimu," akasema kwa masikitiko kabisa, kana kwamba mimi ndiye niliyekosa adabu.

Nikamuuliza na juu ya zile ndiyo zake. Hapo sauti ikabadilika, ikashuka, nikamsikia yule mtoto wa darasa la nne. "Mwalimu, nikwambie ukweli kwa sababu wewe ni mama yangu. Pale ukisema siyo peke yako, haibadilishi kitu. Lakini aliyekaa pembeni yako ameisikia. Siku ya kugawa, inakumbukwa. Mimi nikitaka bati za watu wangu, nakaa vizuri na watu."

"Kwa hiyo umeuza mdomo."

"Nimeununulia bati, mwalimu."

"Ziko wapi?"

"Zinakuja."

"Sikiliza," nikamwambia, na nilikuwa nimesimama, nakumbuka, nimesimama kibarazani kama mbele ya ubao. "Hukutumwa kule ukapendwe. Umetumwa ukaseme. Na siyo ni neno fupi, mtoto wa darasa la kwanza analisema akikataa uji. Linataka mdomo na moyo, basi. Kama huna moyo, rudi nyumbani ulime uwele." Akasema, "Nimekusikia, mwalimu, ubarikiwe sana," akakata. Nilikaa chini nikijiona nimeshinda mdahalo.

Mdogo wangu nilipomsimulia hakuniunga mkono. "Dada, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," akaniambia. "Wewe ndiye uliyetufundishia huyo." Nikamwambia anyamaze. Akasema ukuta wa nyuma umezidi kutuna, wameuegemeza magogo.

Mvua zilipokuwa zimekaribia, mawingu yanajikusanya jioni na kutawanyika, mdogo wangu akapiga simu anapumua kama aliyekimbia. Mheshimiwa anakuja Jumamosi. Anakuja na bati, safari hii si za kwenye simu, kuna mtu ameliona lori likipakia mjini. Kamati ya ujenzi imeniomba niandike risala na niisome mwenyewe, maana nani mwingine.

Nilifurahi kwa sababu mbili, na bati ilikuwa ya pili. Nilifungua kaunta buku langu nikatoa yote: paa la kwanza, la pili, la tatu, la nne, shilingi iliyoachiwa, mtoto wa kiume aliyepongezwa, ndiyo iliyowahi kuliko jina. Kushoto alivyotuandikia, kulia alivyosema. Niliyaandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni, kurasa mbili, nikayaweka mwisho wa risala. Nitamsomea mbele ya watu wake wenyewe, nikasema. Aone haya.

Nilifika kijijini Ijumaa. Mtendaji wa kijiji akaniomba karatasi, maana risala yoyote huonwa kwanza kabla haijasomwa kwa mgeni rasmi. Ni kijana mpole, wa kutoka mkoa mwingine. Akasoma akitikisa kichwa kwa kukubali, akafika kurasa mbili za mwisho, kichwa kikasimama.

"Mwalimu," akasema, "hii si risala. Hii ni kesi."

"Kuna uongo hapo?"

"Hakuna, mwalimu. Ndiyo tatizo." Kisha akanionyesha kwamba nimewasahau watu wa kushukuru. Nilikuwa nimemwacha diwani, afisa tarafa, viongozi wa dini, mwenye lori, na kamati ya maafa iliyoleta magogo. Risala isiyowashukuru hao, alisema, itawaudhi, na hawa ndio watakaosaini nesi aje. Nikaongeza ukurasa mzima wa shukrani. Kesi yangu nikaibakiza mwisho.

Nikamwomba jambo moja: lori lishushwe mzigo kwanza, hotuba baadaye. Akanitazama kama niliyeomba arusi ianze na pilau. Ratiba ni ratiba. Risala, hotuba ya mgeni rasmi, ndipo makabidhiano.

Asubuhi ya Jumamosi mdogo wangu alikuja kunisuka, akaziona zile kurasa kitandani. Hasomi haraka, lakini anasoma. Alizisoma zote, midomo ikicheza, mimi nimekaa chini kati ya magoti yake. Nilimsubiri acheke. "Dada," akasema, "ni kweli yote. Sasa bati zikishashuka chini, msomee hata Ufunuo wote, sura kwa sura, mimi nitakuletea maji ya kunywa. Lakini zikiwa bado juu ya lori, nakuomba." Aliendelea kusuka, na alinivuta nywele kuliko kawaida.

Lori lilikuwepo tayari, limeegeshwa kando ya boma, bati zimefungwa kamba, turubai juu. Dereva hakushuka. Kuta zetu zilisimama nyuma ya meza kuu, magogo yamezishika mbavu, na mawingu yalikuwa yameanza kuja toka saa tano. Watu wote walikuwepo, hata wachungaji wa ng'ombe wa upande wa mlimani ambao Kiswahili wanakisikia kwa kubahatisha. Mheshimiwa alipofika alisalimia kwa lugha ya nyumbani, "Mbukwenyi!", uwanja ukaitikia kwa kishindo. Akatembea moja kwa moja mpaka nilipokaa, akainama mbele za watu. "Shikamoo mwalimu." Kisha akageuka na kipaza sauti: "Ndugu zangu, mnaona ninavyosema? Huyu hapa ndiye aliyenifundisha kusema!" Vigelegele. Niliona haya, na nilipendezwa, yote mawili. Sikukusudia kupendezwa.

Nikaitwa kusoma risala. Nikaanza. Nikamshukuru Mwenyezi Mungu. Nikawashukuru viongozi wa juu, kwa vyeo. Nikamshukuru mgeni rasmi, nikamshukuru afisa tarafa, diwani, wachungaji na masheikh, mwenye lori, kamati ya maafa. Upepo ulikuwa unanipiga karatasi, nikasoma taratibu, kama nilivyokuwa nawafundisha watoto wasome. Nikafika kwenye historia ya ujenzi wa boma, nikawataja wanawake wa bwawani. Nikageuza ukurasa. Zilikuwa zimebaki mbili, zile zangu.

"Mwalimu," akasema mshereheshaji kwenye kipaza sauti cha pili, kwa upole, akitazama mawingu. "Muda."

Nilisimama pale nimeshika kurasa mbili za kesi. Sikuwa hata nimeanza. Mheshimiwa akaniona, akaziona na karatasi, na naapa alijua zina nini. Akatabasamu. "Mwalimu bado ana mengi," akawaambia watu. "Mwalimu, hayo yaliyobaki utaniwasilishia kwa maandishi." Uwanja ukacheka. Nikakaa.

Akasema hotuba yake. Sitairudia, iko yote upande wa kushoto wa daftari langu. Mwishoni akanyoosha mkono kuelekea lori, kisha akaushusha.

"Kabla ya makabidhiano," akasema, "leo tufanye kibunge. Maana kuna watu wanasema mbunge wenu hafanyi kazi. Wanasoma makaratasi huko. Basi mimi nitawahoji ninyi. Wanaoafiki kwamba mbunge wenu amefanya kazi, waseme ndiyo!"

"Ndiyooo!"

"Mbona meza kuu sijaisikia?" Akageuka. Alimwangalia diwani, akamwangalia afisa tarafa, akaniangalia mimi. Alibaki kwangu. Hakuwa na ubaya usoni, nikumbuke kwa haki. Alikuwa na uso ule ule aliokuwa akinigeuzia kabla ya kuanza ngonjera, wa kungoja nimpe ishara. "Tunarudia. Wanaoafiki?"

Nikasimama, kurasa zangu mkononi. Nilikuwa na neno langu tayari. Nililibeba toka Mkonze. Neno fupi, la mtoto anayekataa uji. Nikatazama uwanjani nipate pa kulielekeza, nikamwona mdogo wangu mstari wa mbele wa wanawake, kanga kaifunga kiunoni tayari kwa kushusha mzigo. Hakuwa anamwangalia mheshimiwa. Wote waliobaki walikuwa wanamwangalia mheshimiwa, yeye alikuwa ananiangalia mimi, mkono mmoja umekandamiza goti. Nyuma yake lori, na kamba bado hazijafunguliwa.

"Ndiyo," nikasema.

Nilisema kwa sauti. Nimefundisha miaka mingi, sijui kusema kwa sauti ndogo.

"Wasioafiki?" Kilichosikika ni mbuzi mmoja na turubai la lori likipigwa na upepo. "Nadhani walioafiki wameshinda!" Makofi. Dereva akashuka, akaanza kufungua kamba. Wanawake walikuwa wameshafika kwenye lori kabla hajamaliza fundo la kwanza, mdogo wangu mbele, anaimbisha.

Bati hazikutosha. Ziliezeka upande wa kushoto, chumba cha kujifungulia na cha sindano, na kipande cha baraza. Upande wa kulia ulibaki wazi. Mvua zilikuja wiki iliyofuata, zikaja kwa hasira, na korongo likajaa siku tatu. Asubuhi ya nne mdogo wangu alinipigia. Upande wa kulia umelala chini, akasema, tofali zimetapakaa mpaka njiani. "Na wetu, wenye bati?" nikauliza. Akasema, "Wetu umesimama, dada. Mkavu kabisa. Nimelala humo jana na mke wa jirani, tumbo lilikuwa linamsumbua." Nikakaa chini kibarazani. Nililia kidogo, nashukuru, na nilikuwa nimekasirika vile vile.

Siku hiyo hiyo, saa nne, simu ikalia mfululizo. Nikavaa miwani. Kulikuwa na picha ya mkutano wa Jumamosi ile, na katikati ya picha nilikuwa mimi, nimesimama meza kuu, nywele zimesukwa, mdomo wazi. Kurasa zangu mbili naziona mkononi, zimekunjwa. "MWALIMU WANGU," aliandika, "ALIYENIFUNDISHA KUSEMA, AKISEMA NDIYO." Pongezi zilikuwa bado zinamiminika.

Nilichukua kaunta buku, nikanakili ujumbe upande wa kushoto, herufi kubwa kwa herufi kubwa. Upande wa kulia niliangalia kwa muda mrefu. Mkutano ule hauna hansadi, na sauti ya mtu mmoja kati ya zile mia haina atakayeithibitisha, ningeweza kuandika lolote. Nikaandika: Mwalimu mstaafu. Ndiyo.

Nikalinganisha pande mbili, kama ninavyofanya siku zote. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nianze lile daftari kwamba alichotuandikia na kilichosemwa vinafanana. Nikachukua kalamu nyekundu, nikampa alama ya vema.